KOKI ZA CHINI YA MASHUA: ISIYOGEUKA NI SAWA NA TUNDU LILILO WAZI

Wenye mashua za matanga za zamani, hususan zile zilizotiwa mashine ya ndani, wanakumbushwa kuzikagua koki zote zilizo chini ya mstari wa maji kabla ya chombo kutoka bandarini. Mashua yenye mashine hutobolewa tundu la kuingizia maji ya bahari ya kupozea mashine hiyo, na aghalabu matundu mengine ya choo na ya karo. Katika kila tundu hufungwa mdomo wa shaba, juu yake koki, kisha mpira wa maji.

Kazi ya koki ni kuizuia bahari pale mpira unapopasuka au kuchomoka. Inafaa ieleweke kwamba tundu lenye upana wa milimita 25, lililo sentimita 60 chini ya maji, huingiza takriban lita 60 kwa dakika, yaani ndoo 3 za lita 20. Mabaharia wawili hawawezi kuyateka maji hayo usiku kucha.

Koki hukwama kwa sababu ya kutoguswa. Chumvi, chokaa na viumbe vya baharini huganda ndani yake, na grisi hukauka. Aidha, shaba ya njano iliyochanganywa na zinki huliwa na maji ya chumvi: zinki hutoka, ikabaki shaba laini yenye rangi ya waridi, ambayo huvunjika kwa nguvu ndogo. Kwa sababu hiyo ni hatari kuilazimisha koki kwa nyundo au bomba refu hali chombo kimo majini.

Wenye vyombo wanashauriwa kufuata utaratibu ufuatao:

(a) Chombo kifikishwe pwani wakati wa bamvua, kitiwe magadi, na kazi ianze maji yanapokupwa. Baina ya kupwa na kujaa ni takriban saa 6 tu. Hivyo kizibo cha nje kiwe tayari endapo kazi itachelewa.

(b) Koki itiwe mafuta mepesi ya kulainisha tangu siku ya kabla. Kisha imwagiwe maji ya moto na kugeuzwa mbele na nyuma, kidogo kidogo.

(c) Koki ya zamani, ambayo kiini chake ni chembamba upande mmoja, ilegezwe nati zake na kiini kigongwe polepole kwa nyundo ya mbao kutoka upande huo mwembamba. Kisafishwe, kisagwe kwa dawa ya kusagia valvu, kipakwe grisi isiyochukuliwa na maji, na nati zikazwe kwa kiasi.

(d) Koki ya tufe ikikataa kugeuka baada ya hayo, ibadilishwe. Vilevile ibadilishwe yoyote iliyogeuka rangi kuwa ya waridi au inayovuja. Mpya iwe ya bronzi na si ya shaba ya njano ya kawaida, ile ya mabomba ya nyumbani.

(e) Kila mwisho wa mpira ufungwe klipu mbili za chuma kisichoshika kutu.

(f) Kando ya kila koki kifungwe kwa kamba kizibo cha mti laini kilichochongwa kwa kipimo cha tundu lake.

Baada ya matengenezo, chombo kirudipo majini, kila koki ikaguliwe kama inavuja kabla ya mafundi kuondoka. Tangu hapo koki zote zifungwe na kufunguliwa angalau mara moja kwa mwezi, na kila mtu anayesafiri na chombo aonyeshwe zilipo. Chombo kinapoachwa nangani bila mtu, zifungwe zote, isipokuwa ile inayotoa maji ya sitaha. Nahodha anaporejea, afungue kwanza koki ya mashine, ndipo aiwashe. Mashine isiyopata maji huungua kwa muda mfupi.