Kampuni iliyoanza kwa sababu ya mke asiyesikia vizuri



Kamati za sharika huuliza kwa nini ombi la vifaa vya usikivu (wengine huviita shimesikio) kwa watoto wachache tu huja na bajeti kubwa, na kwa nini ofisi ya miradi husisitiza fungu la betri hata pale ambapo vifaa vyenyewe vimetolewa bure. Historia ya kampuni moja ya Denmark, iitwayo Oticon, inasaidia kulijibu swali hilo.

Mwanzilishi wake, Hans Demant, alikuwa mfanyabiashara wa baiskeli na cherehani katika mji wa Odense. Mke wake, Camilla, alikuwa na tatizo la kusikia. Mwaka 1902, Malkia Alexandra wa Uingereza, ambaye kwa kuzaliwa alikuwa binti wa mfalme wa Denmark, alitumia kifaa cha umeme kutoka Marekani siku ya kutawazwa kwa mume wake. Demant alimtafutia Camilla kifaa cha aina hiyo, na mwaka 1904 akaanza kuviagiza kwa ajili ya watu wengine. Kwa hiyo kampuni hii haikuanza kama kiwanda. Ilikuwa wakala wa bidhaa ya Kimarekani. Demant alifariki mwaka 1910 na mwanawe William akashika kazi.

Kwa takriban miaka thelathini mambo yalikwenda hivyo, mpaka vita. Ujerumani iliivamia Denmark Aprili 1940, na bidhaa kutoka ng'ambo zikawa hazifiki. Hapo ndipo wakala alipolazimika kujifunza kutengeneza mwenyewe. Naona hili ndilo jambo la kutazamwa zaidi katika historia yote hii: waliokuwa tayari na vifaa masikioni walibaki wakimtegemea mtu wa karibu anayeweza kuvitengeneza, vinginevyo vingekuwa mapambo.

Mwaka 1957 William na mkewe Ida Emilie walianzisha mfuko wa hisani na kuukabidhi umiliki wa kampuni. Wafadhili wetu watapenda kujua kwamba mfuko huo bado una zaidi ya nusu ya hisa, ingawa kampuni mama, ambayo tangu 2019 inaitwa Demant, iliingia katika soko la hisa la Copenhagen mwaka 1995. Lakini umiliki wa namna hii haukuifanya bidhaa kuwa rahisi. Mwaka 1996 Oticon ilitoa kifaa cha kidijitali, na tangu hapo mashindano ya utafiti yamekuwa makali na kampuni ndogo zimemezwa. Siemens ya Ujerumani iliuza kitengo chake cha usikivu mwaka 2015. Kitengo hicho kikaungana na Widex ya Denmark mwaka 2019. Baada ya muungano huo sehemu kubwa ya soko la dunia ilikuwa mikononi mwa kampuni tano tu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba kati ya watu 100 wanaohitaji kifaa cha usikivu, kama 17 tu ndio wanaokitumia.

Barani Afrika wapo waliojaribu njia nyingine. Katika kijiji cha Otse, Botswana, mwanzoni mwa miaka ya 2000, mradi wa Godisa uliajiri viziwi kutengeneza vifaa vya usikivu pamoja na chaja ya mwanga wa jua. Walikuwa wameona kwamba kinachomshinda mtu wa kijijini mara nyingi ni betri. Betri ya kawaida ya kifaa hiki hutumia hewa: ukishabandua karatasi yake inaanza kuisha, hata kifaa kikiwa kimezimwa, na hudumu kama wiki moja au mbili. Betri zao za kuchaji zilikusudiwa kudumu miaka miwili hadi mitatu. Ujuzi huo baadaye ulipelekwa hadi Brazil.

Kwa Turiani sababu za kupoteza usikivu hazihitaji kutafutwa mbali. Masikio ya watoto yanayotoa usaha bila kutibiwa, homa ya uti wa mgongo, kwinini au sindano za jentamaisini zikizidi kipimo, na kelele za mitambo kwa wanaofanya kazi viwandani bila kuziba masikio. Baadhi ya hayo yanazuilika kwa gharama ndogo sana kuliko kifaa kimoja.

Anayehitaji kifaa anahitaji pia kupimwa, kurekebishiwa sauti, na kipande cha kuingia sikioni kilichochongwa kwa kipimo chake. Mtoto anakua, na kipande hicho kikilegea kifaa hupiga filimbi. Mtoto atakivua na hatakivaa tena. Betri nazo si zile za tochi ambazo kila duka la Madizini linazo.

Kwa hiyo kamati inayoandaa ombi ioneshe mambo matatu kabla ya idadi ya vifaa: nani atampeleka mtoto kwa mtaalamu angalau mara mbili kwa mwaka, na kwa nauli ipi, betri za miaka mitatu zitatoka wapi, na mwalimu gani darasani ameelekezwa kukikagua kifaa kila asubuhi. Ombi la watoto wanne lenye majibu hayo litatangulia la watoto ishirini lisilo nayo.