Milango Miwili ya Simi-Simi

Nyumba yetu ilikuwa Simi-Simi, magharibi mwa Kisangani, karibu na uwanja wa ndege wa zamani, na ilikuwa na milango miwili. Dada zake baba waliingia kwa mlango wa mbele, bila hodi. Dada zake mama walipitia uani, na mara nyingi harufu ya kitunguu ilitangulia kabla hatujawaona. Hakuna aliyepanga hivyo. Kwa dada zake baba, nyumba ilikuwa ya kaka yao, basi wao nao ni wenye nyumba.

Baba ni Mlokele, mtu wa mto. Kwa Kilingala cha mjini kwetu dada wa baba huitwa tata mwasi, yaani baba wa kike, na jina hilo halikuwa mzaha. Tulikuwa watoto kumi na watatu: wa baba, wa marehemu ndugu yake, na wengine walioletwa mjini kusoma kisha wakasahauliwa. Tata mwasi mkubwa akikohoa tu barazani, baba alizima redio. Yeye ndiye aliyeamua mahari ya dada yetu igawanywe vipi, nani abadilishe shule, nani achapwe. Alfajiri alishuka na mtumbwi kuelekea Yakusu kununua samaki wa kukaushwa kwa moshi, na jioni alinuka moshi huo hata baada ya kuoga. Ni harufu ninayoipenda mpaka leo.

Dada zake mama walikuwa watu wa Maniema. Walitoka Kindu kwa maji mpaka Ubundu, wakapanda garimoshi kilomita 125 mpaka Lubunga, ng'ambo ya mto, kwa sababu reli inaishia huko. Kiswahili walikinyonya kwa mama zao. Lugha hiyo ilifika huku pamoja na misafara ya pembe. Tippu Tip, mmoja wa wenye misafara hiyo, alifanywa wali wa Stanley Falls, ndiyo Kisangani yetu, mwaka 1887. Kwa wanawake hawa dada wa mama ni mama: kuna mama mkubwa, kuna mama mdogo, basi. Salamu yao ilikuwa moja: "Mutoto yangu, ulisha kula?" Jibu lilikuwa "bado," hata kama tumbo limejaa.

Ugomvi wa pande mbili ulikuwa chakula. Upande wa baba ni lituma, ndizi zilizopondwa pamoja na muhogo, kwa samaki wa kufungwa kwenye majani. Upande wa mama ni wali, ambao wao waliuita mchele hata ukiwa umeiva sahanini. Tata mwasi aliapa kwamba mchele ni chakula cha kuku. Mama mkubwa alijibu kwamba lituma ni chakula cha wasio na meno. Sisi watoto tulikula kwa wote wawili, tukamwambia kila mmoja kwamba chake ndicho kitamu.

Walokele walisifika kwa ngoma ya gogo inayosema, yenye midomo miwili, mmoja wa sauti ya kiume, mwingine wa kike. Mmishenari John Carrington, aliyeishi Yakusu, aliandika juu yake kitabu kilichotoka mwaka 1949. Jina la mtu kwenye ngoma lilikuwa refu: lake mwenyewe, la baba yake, kisha kijiji cha mama yake. Nyumbani ngoma hatukuwa nayo, lakini tata mwasi alipokasirika alituita vivyo hivyo. Ukisikia jina lako tu, kimbia taratibu. Likifika jina la baba, kosa limethibitika. Akitaja kijiji cha mama, umekwisha.

Tata mwasi alikuwa msichana mdogo Jumanne ile ya tarehe 24 Novemba 1964, askari wa Ubelgiji wapatao 320 waliporuka kwa miavuli juu ya Simi-Simi kutoka ndege za Marekani, mji ukiwa mikononi mwa waasi wa Simba. Njia ya ndege ilikuwa imezibwa kwa mapipa. Alisimulia kwamba gauni lake la kwanza zuri lilishonwa kwa kitambaa cha mwavuli. Mama mkubwa, ambaye siku hizo alikuwa Kindu na hakuona kitu, alikanusha kila mara.

Nilikuwa na miaka tisa majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya mji wetu, tarehe 5 hadi 10 Juni 2000. Mamia ya raia waliuawa. Wa mlango wa mbele na wa uani walilala sakafuni, mkeka mmoja, sisi katikati yao. Siku ya nne ndizi ziliisha, ukabaki mchele. Tata mwasi alikula kimya, akalamba vidole, akasogeza sahani iongezwe. Mama mkubwa hakusema neno. Alianza kusema baada ya vita, na hakuacha.

Wanangu wanawaita wote tantine. Mimi neno hilo silipendi. Kifaransa kimewaweka wote kapu moja, na mtoto akisema tantine anakuja, hujui uzime redio au useme hujala.

Tata mwasi alipofariki, watu walijaa mpaka barabarani. Mama mkubwa aliingia kwa mlango wa mbele, bila hodi, na sufuria ya mchele kichwani.