Daktari wa nguvu za kiume aliyeanza kama injinia

Wadau, vijiweni hili jambo ni utani tu: jogoo wa fulani hawiki, basi watu wanacheka. Likimpata mtu mwenyewe, kimyaa. Anajipenyeza dukani giza likiingia kununua vidonge asivyovijua. Leo nawaletea habari za mtu aliyelifanya kazi ya maisha yake, Dk. Irwin Goldstein.

Jamaa alisoma kwanza uinjinia Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, ndipo akaenda McGill, Canada, kusomea udaktari. Akabobea kwenye tiba ya mfumo wa mkojo huko Boston. Enzi hizo, miaka ya 1970, madaktari wengi waliamini mwanaume akikosa nguvu tatizo liko kichwani: mawazo, woga, ugomvi wa nyumbani. Injinia yeye lazima aulize: maji yanafika?

Maana uume kusimama ni kazi ya damu. Mishipa inatanuka, damu inaingia kwa wingi, na njia ya kutokea inabanwa. Mishipa ikiharibiwa na kisukari, presha au sigara, hata uwe na hamu vipi mambo hayaendi.

Ushahidi ulikuja kwa vituko. Mwaka 1982 Ronald Virag wa Paris alitangaza kwamba sindano ya papaverini inasimamisha uume. Mwaka 1983 Mwingereza Giles Brindley akapanda jukwaani kwenye mkutano wa madaktari Las Vegas akiwa kajichoma dawa mwenyewe, halafu akashusha suruali wenzake wajionee. Kweli kabisa, sijatunga! Na hoja ilieleweka, kwani nani anapandwa na ashki akitoa hotuba?

Mwaka 1994 Goldstein na wenzake walichapisha utafiti wa wanaume wa Massachusetts wenye miaka 40 hadi 70. Asilimia 52 walikuwa na tatizo hilo kwa kiwango fulani. Yaani ukiwa nalo hauko peke yako. Mwaka 1998 Viagra iliruhusiwa Marekani, na makala kubwa ya majaribio yake ilibeba jina la Goldstein mwanzoni: waliomeza dawa walifanikiwa asilimia 69 ya majaribio yao, waliopewa kidonge kitupu asilimia 22. Baadaye alihamia San Diego, akitibu wanawake pia, maana nao wana maumivu na kukosa hamu, ila wao ndio hawaulizwi kabisa.

Sasa kwa nini nakuchosha na haya? Mishipa ya huko chini ni myembamba kuliko ya moyo, hivyo mara nyingi huanza kuziba mapema. Jogoo anaweza kugoma miaka kadhaa kabla moyo haujagoma. Ukificha kwa kidonge cha mtaani umezima kengele tu. Na anayetumia zile dawa za moyo za kuweka chini ya ulimi akichanganya na Viagra, presha inaweza kushuka mpaka akafa.

Kwa vijana mara nyingi kweli ni wasiwasi. Kama asubuhi unaamka kasimama vizuri ila mbele ya mpenzi anagoma, huenda mishipa ni mizima. Lakini kama hata asubuhi hakuna kitu, wiki baada ya wiki, nenda kituo cha afya. Mwambie daktari wazi, kisha omba akupime presha na sukari.