Je, Wajua? Karatasi Duni, Hazina ya Leo

Jarida la Marekani la hadithi za kutisha, Weird Tales, lilianza Chicago mwezi Machi 1923 kwa bei ya senti 25. Humo ndimo mwandishi Robert E. Howard alimtambulisha shujaa wake Conan, Desemba 1932. Lilichapwa kwenye karatasi duni ya massa ya mbao, yenye asidi: hugeuka njano, kisha kahawia, na ukiifunua kwa pupa inamegeka ukingoni. Ndiyo maana wakusanyaji huficha nakala zao gizani, penye ubaridi na ukavu; anayetaka hadithi tu, heri anunue toleo jipya. Na yale majalada ya miaka ya 1930, yenye warembo nusu uchi? Mengi yalichorwa kwa chaki za rangi na mwanamke, Margaret Brundage. Alitia sahihi “M. Brundage”, wasomaji wakadhani ni mwanamume!