Kabla ya Kubadilisha Redio: Jina, Wati na Masikio

Jokofu hubadilishwa likishakufa. Redio na spika hubadilishwa zikiwa nzima. Hii ni tofauti kubwa kati ya vyombo vya muziki na vifaa vingine vya nyumbani, na ndiyo inayowapa wauzaji wake soko lisilokauka. Kununua kwa ajili ya starehe si kosa, na makala hii haikusudii kumnyang'anya mpenzi wa muziki furaha yake. Inakusudia kueleza ni kitu gani hasa mlaji analipia kila anaposhawishiwa kukiacha alichonacho na kuchukua kingine.

Tuanze na jina. Zipo familia ambazo hazinunui chapa nyingine ila ile ambayo mzee wa nyumba alikuwa nayo, kwa kuwa redio yake ilidumu miaka ishirini. Uaminifu wa namna hiyo una mantiki yake: aliyekutendea wema jana hutarajiwa kukutendea wema kesho. Tatizo ni kwamba jina na kiwanda ni vitu viwili, na jina huweza kuuzwa peke yake. Aiwa, ambayo redio zake za kaseti zilipendwa sana, ilimezwa na Sony mwaka 2002. Baada ya miaka michache jina hilo likaachwa, na mwaka 2017 kampuni nyingine ya Japani ikaanza kulitumia upya. Anayenunua Aiwa leo hanunui kwa wale waliotengeneza redio ya baba yake. Hali kadhalika, majina yanayoonekana kuwa mahasimu huweza kuwa ndugu. JBL, AKG, Infinity na Harman Kardon zote zimo chini ya kampuni moja, Harman, nayo tangu mwaka 2017 ni mali ya Samsung. Marafiki wawili wanaobishana barazani kila mmoja akitetea chapa yake wanaweza kuwa wanapeleka fedha zao katika mfuko mmoja.

Kwa hiyo swali la kumwuliza muuzaji si "hii ni chapa gani?" bali ni nani anayeiingiza nchini, nani anatoa dhamana yake, na vipuri vyake vinapatikana wapi. Chapa isiyo na fundi wala spea haina thamani ya jina lake.

Jambo la pili, ambalo kwa maoni yetu huwapotosha walaji wengi kuliko lolote lingine, ni wati. Katika maduka ya vifaa vya umeme utaona sabufa ndogo iliyoandikwa wati 5,000, 10,000 au zaidi, na mbele ya tarakimu hizo herufi PMPO. Herufi hizo hudai kueleza nguvu ya juu kabisa inayoweza kutoka kwa kitambo kidogo mno, lakini hakuna kipimo kimoja kilichokubaliwa cha kuipata. Kila mtengenezaji huandika apendavyo. Tarakimu yenye maana ni ile ya nguvu ya kudumu, ambayo kwa kawaida huandikwa RMS. Mchezo huu si mpya wala si wa kwetu peke yetu: Marekani ilisumbuliwa na tarakimu za kupamba kiasi kwamba mwaka 1974 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya nchi hiyo iliweka kanuni ya kuwalazimisha watengenezaji kutaja nguvu ya kudumu ya amplifaya za nyumbani.

Mlaji anaweza kujipimia mwenyewe bila chombo chochote. Geuza sabufa, usome kibandiko cha nyuma kinachotaja umeme unaotumiwa. Kikiwa kimeandikwa wati 60, chombo hicho hakiwezi kutoa wati 10,000 za sauti, kwa sababu hakuna mashine inayotoa nguvu nyingi kuliko inayopokea. Pigo la ngoma huweza kuchota kwa kitambo kidogo akiba ya umeme iliyomo ndani, lakini akiba hiyo ni kibaba, si ghala.

Hata wati za kweli hazifanyi kazi kama wengi wanavyodhani. Ukiongeza nguvu maradufu, kutoka wati 50 hadi 100, sauti hupanda kwa desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huisikia lakini haishangai. Ili sauti isikike kana kwamba imekuwa maradufu, huhitajika takriban desibeli 10, yaani nguvu mara kumi. Na spika zenyewe hazilingani: moja hutoa desibeli 85 kwa wati moja ikisikilizwa umbali wa mita moja, nyingine 88. Hiyo ya pili, ikiwa na amplifaya ya wati 50, italingana kwa ukubwa wa sauti na ya kwanza inayosukumwa na wati 100. Anayetupa amplifaya yake ya wati 50 ili apate ya wati 80 amenunua badiliko ambalo jirani yake hataligundua.

Lakini je, mnunuzi hasikii tofauti? Husikia, na hasemi uongo. Mwaka 1994 watafiti Floyd Toole na Sean Olive wa kampuni ya Harman waliwapa watu spika wazipime mara mbili: mara wakiziona, mara zikiwa nyuma ya pazia. Alama zilibadilika. Walipoziona, umbo, ukubwa na jina viliingia katika hukumu yao. Pazia lilipowekwa, baadhi ya tofauti walizokuwa na uhakika nazo zilipungua. Inastahili kukumbukwa kwamba utafiti huo ulifanywa ndani ya kampuni inayouza spika. Macho husikiliza pamoja na masikio, na bei husikiliza zaidi. Ndiyo maana mlaji anayelinganisha vyombo viwili dukani aombe vyote viwekwe katika kiwango kimoja cha sauti, kwa wimbo anaoujua vyema, na asiangalie kipi kinapigwa. Chenye sauti kubwa kidogo huonekana kuwa bora hata kama si bora, na wauzaji wanalijua hilo.

Wapo pia watengenezaji waliofanya uboreshaji kuwa sehemu ya bidhaa, bila udanganyifu wowote. Linn ya Glasgow, huko Uskoti, imekuwa ikiuza mashine yake ya santuri iitwayo LP12 tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwenye nayo huweza kuibadilisha kipande kwa kipande: leo kisambaza umeme, kesho mkono wa sindano. Faida yake ni kwamba chombo hakitupwi. Hasara ni kwamba hakimaliziki kununuliwa.

Tuchukulie sasa mlaji wa kwetu. Ananunua sabufa ya shilingi 300,000. Baada ya mwaka anaiuza kwa 180,000 na kuchukua ya 500,000. Hiyo nayo anaiuza kwa 300,000 na kupanda hadi ya 800,000. Amebaki na chombo cha 800,000 ambacho kimemgharimu 1,120,000. Shilingi 320,000 zimeliwa na ngazi, na kama alikopa ili kupanda, riba haimo katika hesabu hiyo.

Kabla ya kupanda, kuna mambo yasiyo na gharama. Chumba cha kuta za saruji na sakafu ya vigae hurudisha sauti kama kisima. Zulia, pazia zito na kochi la kitambaa huituliza. Spika iliyobanwa pembeni mwa ukuta huvimbisha besi mpaka maneno ya mwimbaji yakapotea. Isogeze mbele kidogo, kisha uiinue ifikie usawa wa masikio ya aliyeketi. Mara nyingi malalamiko dhidi ya redio huwa ni malalamiko dhidi ya chumba.

Ikiwa umekwisha kununua na ukagundua kuwa maelezo ya boksi hayakuwa ya kweli, au kwamba jina lililobandikwa ni la kughushi, usiridhike na kibao cha "mali ikiuzwa hairudishwi". Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji katika biashara, na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inakataza bidhaa bandia. Tunza boksi lenye maandishi hayo, risiti ya EFD na kadi ya dhamana yenye mhuri wa duka na tarehe. Piga picha kibandiko cha nyuma kabla hakijafutika. Mpelekee kwanza muuzaji dai lako kwa maandishi, ubaki na nakala, na akikataa ulifikishe kwa Tume ya Ushindani pamoja na vielelezo hivyo.