Silinda Hedi na Maradhi ya Joto

Injini ya dizeli ya Toyota ijulikanayo kwa jina la 1KZ-TE, iliyotiwa katika Hilux Surf mwaka 1993 na pia katika Prado, ina mwili wa chuma cha kusubu na silinda hedi ya aluminiamu, na madini hayo mawili, kwa kuwa hayatanuki kwa kadiri moja, huvutana kila joto linapozidi, hata hedi ikapata ufa baina ya vali.

Dalili yake ni dhahiri: fungua kifuniko cha rejeta alfajiri, injini ingali baridi, kisha uiwashe, ukiona mapovu yakipanda mfululizo mithili ya chungu kilichotelekwa, basi gesi ya mwako imekwisha pata njia. Hapo dawa za chupa ni upuuzi mtupu, na kulehemu aghalabu hakudumu. Nunua hedi mpya na gasketi yake, lakini kwanza isafishe rejeta, la sivyo mpya itaifuata ya kale.

Kinga yake ni kulanti badala ya maji ya bomba, na themostati isiyong'olewa (mazoea mabaya ya mafundi wetu!). Geji ya joto ikipanda, usisubiri ifike kileleni. Simama papo hapo.