Diploma na Digrii ya Uuguzi kati ya Thika na Ruiru

Anayetaka kuwa muuguzi nchini Kenya ana milango miwili. Mmoja ni diploma ya miaka 3, ambayo mhitimu wake husajiliwa kuwa muuguzi wa afya ya jamii, au KRCHN kama wanavyosema wenyewe wodini. Mwingine ni digrii ya miaka 4, ikifuatwa na mwaka mmoja wa mafunzo kazini. Diploma hudai alama ya C katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, digrii C+. Tofauti hiyo ndogo ya alama huamua mengi, kwa maana mwenye wito wa kazi hii aliyepata C huanzia kwenye diploma.

Lakini si kila mahali mtu huchagua mlango mmoja kwanza. Marekani, vyuo kadhaa vya jamii vimeshikana na vyuo vikuu ili mwanafunzi asome ngazi zote mbili kwa pamoja: mazoezi ya wodini huyapata kupitia chuo cha jamii, masomo ya digrii huyafuata mtandaoni muhula huohuo. Jimbo la New York lilikwenda mbali zaidi mwaka 2017, likapitisha sheria inayowataka wauguzi wapya waliosajiliwa kupata digrii ndani ya miaka 10. Kenya, kwa upande wake, imezoea kupanda ngazi moja baada ya nyingine. Muuguzi humaliza diploma, hupata leseni ya Baraza la Wauguzi la Kenya, huajiriwa, kisha hurudi chuo kikuu kujiendeleza. Kinachokwenda sambamba hapa ni masomo na ajira.

Ukanda wa Thika na Ruiru una karibu kila kinachohitajika kwa safari hiyo. Mjini Thika kuna kampasi ya KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, Hospitali ya Thika Level 5, na Chuo Kikuu cha Mount Kenya, kilichopewa hati mwaka 2011 na chenye masomo ya digrii ya uuguzi. Juja kuna Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia (JKUAT). Ruiru ina hospitali yake ya kaunti, na mbele kidogo, Kahawa, kuna Chuo Kikuu cha Kenyatta na hospitali ya rufaa inayobeba jina lake. Thika hadi Ruiru ni takriban kilomita 20, kwa hiyo anayetoka zamu ya usiku anaweza kupanda matatu akawahi kipindi cha asubuhi. Mwili wake ndio hulipa gharama. Bila wenzake kukubali kubadilishana zamu, na bila msimamizi wa wodi kuipanga ratiba kwa huruma, muhula hauishi salama.

Je, digrii huongeza nini kwa mtu anayejua kazi tayari? Chukua patografu, karatasi ya kufuatilia uchungu wa mama anayejifungua. Muuguzi wa diploma huijaza kwa ustadi: mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa, upana wa mlango wa kizazi kila saa 4, na mstari ukivuka mpaka wa hatari humwita daktari. Somo la utafiti katika digrii humtaka akusanye patografu za miezi kadhaa na kuuliza ni kwa nini akina mama fulani walifika chumba cha upasuaji wakiwa wamechelewa. Huongezewa pia takwimu, uongozi wa wodi na ufundishaji. Aliyekwisha kujaza karatasi hizo kwa miaka huliona swali hilo upesi, na ndiyo sababu chuo kinachomrudisha kwenye masomo ya msingi aliyokwisha kufaulu humpotezea muda na karo.

Malipo huja polepole kuliko cheti. Katika utumishi wa umma, wa diploma huanzia kundi la kazi H na wa digrii K. Lakini kuhitimu hakumhamishi mtu moja kwa moja: ni lazima aombe kubadilishiwa cheo, na mwajiri, ambaye kwa wengi ni kaunti, awe na nafasi na bajeti. Muuguzi anayejiandikisha chuo kikuu hufanya vyema kuiuliza idara yake ya rasilimali watu kuhusu nafasi hiyo, na kuomba ruhusa ya masomo kwa maandishi, kabla ya kulipa karo ya muhula wa kwanza.